Mshale Katika Mti

Kila mwaka, wakati wa maandalizi ya mazoezi ya kufundisha, wanachuo huniuliza somo la historia lifundishwe kwa njia gani ili livutie. Swali hilo ni jema. Mimi hulijibu kwa kusimulia kosa langu mwenyewe, kwa kuwa somo langu moja lilivutia kupita kiasi, na mtoto akavunjika mguu.

Mwaka wangu wa pili kazini nilikuwa nikifundisha darasa la sita katika shule moja ya kijijini, mkoani Tabora. Mada ilikuwa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia katika nchi yetu. Niliwaeleza wanafunzi kwamba Wajerumani, walipozingirwa na kupungukiwa na fedha, walijitengenezea sarafu mjini Tabora mwaka 1916, katika karakana ya reli. Miongoni mwake zilikuwamo sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo, zipatazo 16,000. Mwezi Septemba mwaka huo huo majeshi ya Wabelgiji yaliuteka mji. Hayo yote ni kweli. Lakini kengele ilipokaribia kulia, nilipoona jinsi macho ya watoto yalivyong'aa, niliongeza neno ambalo halikuwamo katika maandalio yangu: “Na nani ajuaye? Pengine nyingine zimezikwa hapa hapa kijijini petu!”

Kando ya njia ya kisimani palikuwa na mtundu mkubwa, wenye alama kongwe mfano wa mshale, na msalaba mdogo chini yake. Baadhi ya watu wazima walikuwa wakisema kwamba aliyeichonga ni Mjerumani, na kwamba mshale unaonyesha mahali penye mali. Walidai pia kuwa alama hiyo ilichongwa karibu na ardhi, kisha ikapanda pamoja na mti. Basi kadiri ilivyopanda, ndivyo mchimbaji apaswavyo kwenda chini. Jumamosi ile wavulana watatu wa darasa langu walichukua majembe. Shimo lilipowafika kifuani, ukuta wake uliporomoka.

Nilikwenda kumwona mgonjwa nyumbani kwao. Baba yake hakunigombeza. Aliniuliza tu, “Mwalimu, wewe uliiona hiyo dhahabu?” Sikuwa na jibu.

Ningeweza kuwakataza wanafunzi wasiutaje tena mti ule. Lakini marufuku ingewafanya waamini kwamba mwalimu anaificha siri. Niliona hapana budi kurudi darasani, kukiri kosa langu, na kuifanya alama ile iwe somo. Tuliandika ubaoni maswali matatu: Nani aliichonga? Tunajuaje? Je, yawezekana ikawa na maana nyingine?

Tulianza na dai la alama kupanda. Uani mwa shule palikuwa na mwarobaini uliochongwa jina na fundi cherehani mmoja wa kijijini, alipokuwa darasa la nne, zaidi ya miaka ishirini kabla ya siku ile. Tulimwita. Alisema alilichonga usawa wa macho yake, akashangaa kuliona sasa liko kifuani pake. “Limeshuka!” alisema. Watoto walicheka. Kisha tukawasimamisha wanafunzi wa darasa la nne penye shina, na jina likawa usawa wa macho yao. Aliyepanda ni fundi; jina lilikuwa pale pale, ila herufi zake zilikuwa zimetanuka. Hapo ndipo nilipoeleza kwamba mti hurefuka kwenye ncha zake, na shina hunenepa tu. Hakuna aliyesahau.

Kisha tulimwendea mzee mmoja mfuga nyuki. Alitutolea mzinga wa zamani wa baba yake, nao ulikuwa na mshale na msalaba ule ule. Ilikuwa alama ya mwenye mzinga, iliyowekwa ili mtu mwingine asiutundike wake katika mti ule. Turudipo njiani, msichana mmoja aliniuliza, “Mwalimu, kama Wajerumani walipungukiwa na fedha hata wakalazimika kuzitengeneza, walizika zipi?” Swali lake halikuthibitisha kwamba hakuna sarafu iliyofichwa popote; lilionyesha kwamba ameanza kupima maneno, yakiwamo ya mwalimu wake.

Sikutaka wadhani kwamba kila alama ya mti ni bure. Niliwasimulia habari za kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. David Livingstone alipofariki huko mwaka 1873, wenzake Waafrika waliuzika moyo wake chini ya mti, na Jacob Wainwright, kijana aliyejua kusoma na kuandika, akachonga jina la marehemu na tarehe katika shina. Chuma, Susi na wenzao wakaubeba mwili hadi Bagamoyo, wakafika mwaka 1874. Kipande cha shina lile kilikatwa mwaka 1899 na kupelekwa London. Alama ile kweli ilionyesha kilichozikwa. Twaiamini kwa kuwa mchongaji anajulikana, aliacha shajara yake, na wenzake walitoa ushuhuda.

Ndugu mwanachuo, nakusihi uzingatie mambo matatu. Kwanza, katika maandalio yako tenga lijulikanalo na lidhaniwalo, na unaposimulia la pili, waambie watoto kwamba ni dhana. Pili, tumia mazingira yaliyo karibu: mti, mzee na futikamba ni zana bora kuliko picha nyingi. Tatu, usiidharau imani ya kijiji. Ipe nafasi ya kupimwa.

Mvulana yule alipona, ingawa alikosa masomo muhula mzima. Siku aliporudi, darasa zima lilikwenda kulifukia shimo. Alisimama ukingoni na gongo lake, akatazama kwanza mshale, kisha akanitazama mimi. Tangu siku ile sijamaliza kipindi kwa neno ambalo siwezi kulijibia.