Mtoto Asiyetulia Apewe Nafasi Penye Miti

Nyabiyonza ni kata ya Wilaya ya Karagwe, Mkoa wa Kagera. Ukipita huko utaona migomba na mibuni imezunguka nyumba. Juu yake imesimama misizi na migrivea.

Kiangazi kilichopita tulijitolea kutengeneza kitalu cha miti karibu na shule moja. Wazazi walijaza udongo katika viriba. Watoto walichota maji. Mvulana mmoja alikimbia ovyo, akakanyaga viriba vitatu. Nilitaka kumfukuza. Mama yake akaniambia, "Bwana shamba, hata darasani hufukuzwa hivyo hivyo."

Niliona aibu. Nikampa kopo la kumwagilia. Alimwagilia tuta zima, kisha akaja kuuliza kazi nyingine.

Ndugu wasomaji, wako watoto ambao ni vigumu kwao kutulia na kusikiliza. Madaktari huiita hali hiyo ADHD. Si ukaidi. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walieleza jaribio lao. Watoto 17 wenye hali hiyo walitembezwa dakika 20 katika bustani ya miti. Siku nyingine walitembezwa mjini. Walipotoka bustanini waliweza kukaza akili zaidi.

Sisi miti tunayo. Mtoto wa namna hiyo mpelekeni kwa mganga wa kituo cha afya. Fimbo haitamponya. Kabla ya masomo, mpeni nafasi ya kutembea penye miti au kutunza miche.

Viriba vitatu hujazwa tena. Mtoto aliyeacha shule ni vigumu kumrudisha.