Santuri Mbili za Usiku Mmoja

Tarehe 14 Februari 1970 bendi ya Kiingereza iitwayo The Who ilipiga muziki wake wa roki katika Chuo Kikuu cha Leeds, kaskazini ya Uingereza. Hawakupiga katika jumba la fahari, bali katika ukumbi ambamo wanafunzi wa chuo hula chakula chao. Mitambo ya kurekodi ilikuwa imewekwa tayari, na mwezi wa Mei mwaka ule ule ikatoka santuri yenye jina Live at Leeds. Sisi huku twalijua jina la Leeds kwa njia nyingine, maana Ngũgĩ wa Thiong'o alisoma pale katika miaka ya 1960. Lakini kwa wapenzi wa roki, kutaja Leeds ni kutaja usiku ule mmoja. Mwaka 2006 kibao cha kumbukumbu kilitundikwa katika ukuta wa ukumbi huo, jambo ambalo si kawaida kutendewa chumba cha kulia chakula.

Wapigaji walikuwa wanne tu. Roger Daltrey aliimba, Pete Townshend alipiga gitaa, John Entwistle alipiga gitaa la besi, na Keith Moon alipiga ngoma. Moon alifariki mwaka 1978 na Entwistle mwaka 2002. Kwa hiyo usiku ule hauwezi kurudiwa na mtu yeyote. Umebaki katika kanda, na katika santuri zilizotokana na kanda hizo.

Sasa niwaeleze wasomaji kwa nini jambo hili limenishughulisha muhula huu. Marehemu baba yangu mdogo aliinunua santuri hiyo Uingereza alipokuwa masomoni, nayo ni ya toleo la kwanza la mwaka 1970. Miaka mingi baadaye binti yake alimletea zawadi ya toleo jipya la mwaka 2016, lenye santuri 3 katika jalada moja. Baba mdogo alipofariki, mama mdogo alibaki na matoleo yote mawili, pamoja na ada za shule za wajukuu. Akapatikana mnunuzi aliyetaka lile kuukuu na kutoa bei nzuri. Mama mdogo akaniuliza swali la haki kabisa: “Mwanangu, ikiwa muziki ni ule ule, na mpya haina mikwaruzo, ya nini kuiweka iliyochakaa?”

Sikutaka kumjibu kwa mapenzi tu. Wakusanyaji wengi husema kwamba santuri ya kwanza ni bora daima. Wafanya biashara nao husema kwamba mpya ni bora daima. Wote hao wana faida yao katika jibu. Nikaona ni heri kusikiliza kwa utaratibu, kama tufanyavyo katika maabara.

Kwanza nilitazama vitu vyenyewe. Jalada la 1970 ni la karatasi ngumu ya rangi ya kaki, halina picha, na jina limepigwa juu yake mfano wa muhuri wa posta. Bendi ilifanya hivyo makusudi, ili ifanane na santuri za magendo zilizokuwa zikiuzwa siku zile. Ndani yake viliwekwa vipande 12 vya karatasi, navyo ni nakala za hati na picha zao za zamani. Mojawapo ni barua ya kampuni ya santuri iliyowakataa walipokuwa bado hawajulikani. Katika nakala ya baba mdogo vimebaki vipande 9.

Lakini lililonivutia zaidi ni karatasi ya duara iliyobandikwa katikati ya santuri yenyewe. Imeandikwa kwa mkono, nayo yatangaza kwamba milio ya kupasukapasuka isikikayo ndani ni sawa, wala isirekebishwe. Sababu ni kwamba siku ile kanda zilinasa milio midogo kama chumvi iliyotupwa motoni. Bendi haikuificha. Iliwaonya mafundi na wanunuzi mapema, kisha ikaitoa kazi yake jinsi ilivyo.

Nyimbo katika santuri hiyo ni 6 tu, na zote pamoja hazifiki dakika 40. Tatu kati yake si zao. “Young Man Blues” ni ya Mose Allison, “Summertime Blues” ilitolewa na Eddie Cochran mwaka 1958, na “Shakin' All Over” ilitolewa na Johnny Kidd na kundi lake mwaka 1960. Toleo jipya lina onyesho zima, pamoja na Tommy, ile hadithi ndefu ya nyimbo waliyoitoa mwaka 1969. Hapa mpya yaishinda ya kale kwa wingi, hapana ubishi. Hata hivyo yafaa kukumbuka kwamba zile nyimbo 6 zilichaguliwa. Waliokuwa na usiku mzima mikononi mwao waliamua cha kuacha, na kila aliyeandika insha ajua kwamba kuacha ni kazi ngumu kuliko kuongeza.

Baada ya kutazama tukasikiliza. Wanafunzi watatu wa Kidato cha Nne, wa Chama cha Sayansi, walinisaidia. Tulitumia mashine moja na sindano moja. Santuri zote tulizifuta vumbi kwa namna moja. Tulisawazisha ukubwa wa sauti kwa kutumia programu ya simu, kwa kuwa sikio la binadamu hudanganyika kwa urahisi: kilicho na sauti kubwa zaidi kidogo huonekana kuwa kizuri zaidi. Kisha mwanafunzi mmoja alikaa nyuma ya pazia akabadilisha santuri bila kutuambia ni ipi, na sisi tuliobaki tukaandika tulilosikia.

Tulianza na “Young Man Blues.” Wimbo huo wafaa sana kwa jaribio, maana mwimbaji huimba maneno machache peke yake, wenzake humwangukia kwa kishindo, kisha hunyamaza ghafula. Katika vile vimya vifupi santuri haina mahali pa kujificha. Ya kale ilitoa mvumo na mikwaruzo. Mpya ilitoa utulivu, hata ikaonekana kana kwamba upana wa ukumbi wasikika. Sote tuliipa mpya alama za juu.

Katika besi pia mpya ilishinda. Katika santuri hii Entwistle husikika upande wa kushoto na gitaa la Townshend upande wa kulia, na ngoma katikati. Kwenye toleo jipya kila mguso wa uzi wa besi watambulikana. Sababu moja ni namna lilivyotengenezwa. Santuri huanza kwa kukerezwa: kisu kidogo chachimba mfereji wa sauti juu ya sahani laini, na kutokana na sahani hiyo hufanywa kalibu za kukandamizia santuri nyingine zote. Toleo la 2016 lilikerezwa London, katika studio za Abbey Road, kwa nusu mwendo. Muziki ulipigwa polepole na kerezo likazunguka polepole vile vile, hata kazi ya saa 1 ikachukua saa 2. Hivyo kisu hupata nafasi mara mbili ya kuchora milio membamba iliyo vigumu kuchorwa.

Lakini tulipofika “My Generation,” ambao umeendelea kwa zaidi ya dakika 14, mambo yaligeuka. Ya kale ilisikika kali zaidi na karibu zaidi, kama kusimama mbele ya jukwaa ukiwa umesukumwa na umati. Mpya ilisikika kama kukaa mahali pazuri katikati ya ukumbi. Wawili kati yetu tuliichagua ya kale, na mmoja akaichagua mpya. Huyo mmoja alisema neno la kweli ambalo sipendi kulificha: “Mwalimu, usingetuambia tusikilize kwa makini, nisingetambua kwamba ni santuri mbili.” Ni kweli. Tofauti iko, lakini si ya mbingu na ardhi kama wauzaji wasemavyo.

Likabaki swali la ile milio ya kupasukapasuka. Santuri ya kale ina milio ya namna mbili: ile iliyonaswa kanda mwaka 1970, na ile iliyotokana na mikwaruzo ya miaka mingi nyumbani kwa baba mdogo. Yajulikanaje ipi ni ipi? Mwanafunzi wetu mmoja alipata jibu kwa hesabu. Santuri huzunguka mara 33⅓ kwa dakika, kwa hiyo mzunguko mmoja huchukua sekunde 1.8. Mkwaruzo mrefu hukata mifereji mingi iliyo jirani, basi sindano hukutana nao kila mzunguko, nao hulia tak, tak, tak, kila baada ya sekunde 1.8. Mlio uliotoka katika kanda haufuati hesabu hiyo. Huja wakati wake, kisha hupita. Tuliketi na saa mkononi, tukaitenganisha milio ya Leeds na milio ya sebuleni kwetu.

Kwenye toleo jipya milio ya Leeds karibu yote haipo. Kazi hiyo ya kusafisha ilianza mwaka 1995, wakati Jon Astley alipochanganya kanda upya na milio mingi ikaondolewa kwa kompyuta. Je, ni vibaya? Wengine husema ni kuharibu, kwa kuwa karatasi ya kwanza ilisema isirekebishwe. Mimi siendi mbali hivyo. Watu waliokuwa ukumbini usiku ule hawakuisikia milio hiyo hata kidogo, maana ilikuwa katika kanda, haikuwa hewani. Basi aliyeiondoa ametusogeza karibu zaidi na walichosikia wao.

Ila marekebisho yana mpaka wake, na mfano mzuri ni wa siku iliyofuata. Tarehe 15 Februari 1970 bendi ilipiga katika mji wa Hull, na mitambo ikarekodi pia. Baadaye ikaonekana kwamba katika nyimbo za mwanzo besi haikunaswa. Onyesho la Hull lilipotolewa mwaka 2010, besi ya Leeds ilichukuliwa ikapachikwa mahali palipopungua. Kazi ilifanywa kwa ustadi, na watengenezaji waliisema wazi. Lakini tazama: katika nyimbo hizo twasikia watu watatu wakipiga Jumapili na mtu wa nne akipiga Jumamosi. Ni muziki mzuri ambao haukupigwa hivyo usiku wowote. Kama tusingeambiwa, tungeapa kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Hapo ndipo nilipopata jibu la kumpa mama mdogo. Nilimwambia kwamba kwa kustarehesha masikio toleo jipya ni bora, na mtu asione haya kulipenda. Lakini toleo la kale ni shahidi. Laonyesha kile bendi ilichoamua kutoa mwaka 1970, kwa nyimbo walizochagua na kasoro walizokubali kuzibeba mbele ya watu. Toleo lililosafishwa laweza kufanywa tena kutoka katika kanda kila mafundi wapatapo mashine bora. Uamuzi wa 1970 haufanyiki tena. Nikamweleza pia, ili aamue kwa haki, kwamba la kale ndilo litakalompa fedha nyingi zaidi.

Mama mdogo alifikiri kidogo, akasema, “Basi, mwanangu, uza hiyo safi. Safi zitachapwa tena. Hii yenye makovu nani ataichapa?” Kuhusu ada, alisema tutachanga. Tumeanza kuchanga.

Wanafunzi wenzangu katika elimu, maana mwalimu naye ni mwanafunzi, somo hili halihusu Leeds peke yake. Townshend mwenyewe amesimulia kwamba kabla ya usiku ule walikuwa na kanda nyingi za maonyesho yao ya Marekani ya mwaka 1969, na kwa kuchoshwa na kazi ya kuzisikiliza zote aliamuru zichomwe moto. Katika nyumba zenu nyingi ziko kanda za arusi, za taarabu, za hotuba za wazee waliokwisha kufa. Leo simu yaweza kuzinakili na kuzisafisha kwa dakika chache. Fanyeni hivyo, ni jambo jema. Andikeni juu ya nakala kilichoondolewa na kilichoongezwa. Kisha kanda yenyewe irudisheni mahali pakavu, wala msiitupe kwa kuwa inakwaruza.

Santuri zote mbili zitakuwa katika maabara ya fizikia hadi muhula ufungwe. Atakaye kusikiliza na aje Jumamosi baada ya usafi, na mikono yake iwe imeoshwa na kukauka.