Usiihukumu Menyu Kabla Hujaifungua Mara ya Pili



Ndugu yangu, leo naomba tuzungumze jambo ambalo huenda hukulitarajia hapa: kompyuta kuukuu ambayo ukibonyeza menyu inakawia kufunguka, na ukiburuta dirisha linaacha michirizi kwenye skrini. Usipite haraka. Ndani ya jambo hili mna pesa za watu, na mna tabia yetu ya kutoa hukumu kabla ya kuuliza.

Madrasa yetu ina kompyuta 5 za kuchangiwa. Zote zinatumia Linux pamoja na Xfce, kwa sababu Xfce ni nyepesi kwa mashine za zamani. Vijana wakaanza kulalamika kwamba zimechoka. Akaitwa fundi, akazitazama kidogo, akasema, "Hizi zimekufa zote, nunueni mpya." Fedha za michango zilikuwepo, na baadhi yake zilitoka kwa akina mama wanaouza maandazi alfajiri. Nikaiomba kamati siku 7. Fedha ile ni amana, na amana haitolewi kwa neno "nadhani".

Sasa fahamu kwanza ni nani anayefanya kazi pale kwenye skrini. Mfumo wa X, ambao umechora madirisha ya Linux kwa miaka mingi, ulianzia MIT nchini Marekani mwaka 1984. X yenyewe haiamui dirisha likae wapi wala liwe na fremu gani. Kazi hiyo imeachiwa programu nyingine, yaani meneja wa madirisha. Xfce, iliyoanzishwa na Olivier Fourdan mwaka 1996, ina meneja wake, xfwm4. Kwa hiyo skrini ikileta vituko, wahusika ni wengi: programu yenyewe, meneja, X, kadi ya picha, diski. Ukimshika mmoja bila ushahidi, huenda umemdhulumu.

Twende kwenye sababu, moja baada ya nyingine.

KWANZA: kuchelewa kwa makusudi. Naam, kuna menyu inachelewa kwa kukuhurumia wewe. Menyu ndogo hufunguka pembeni, na mkono wako ukiielekea hukata kona, ukapita juu ya maneno mengine njiani. Kama kila neno lingefungua menyu yake papo hapo, ile unayoitaka ingetoweka kabla hujaifikia. Ndiyo maana wakaweka subira. Gawa sekunde moja vipande 1000: Windows kwa kawaida husubiri vipande 400. GTK toleo la 2, ambayo Xfce iliitegemea kwa miaka mingi, ilisubiri 225. Dalili yake ni kwamba kuchelewa ni kufupi na ni kulekule kila mara. Huo si ugonjwa, hiyo ni adabu.

PILI: kuchelewa kwa kutafuta. Kila programu kwenye menyu ina faili dogo linalotaja jina lake na ikoni yake. Mashine huingia kwenye makabati ya ikoni kuitafuta moja moja. Mandhari ya ikoni yakiwa na faharasa yake, kazi ni nyepesi. Vijana wetu walikuwa wameongeza mandhari mapya kwa mkono, bila faharasa. Jaribio lake ni rahisi sana: fungua menyu, ifunge, ifungue tena. Kama mara ya kwanza imekawia na ya pili imeruka kama swala, basi diski ilikuwa inasoma, na sasa vitu vimo kwenye kumbukumbu. Tuliendesha amri ya gtk-update-icon-cache, na malalamiko mengi yakaisha siku ileile.

TATU: kuchelewa kwa kuuliza jina. Hili wengi hawalijui. Vijana walizibatiza kompyuta 2 majina mapya, moja Simba na nyingine Chui. Wakabadilisha jina kwenye faili la /etc/hostname, wakaliacha lile la /etc/hosts. Basi programu ikitaka kujua "mimi ni nani hapa?", haipati jibu nyumbani, inakwenda kuuliza nje kwenye mtandao. Intaneti ikiwa hafifu, inasubiri sekunde 5, kisha inajaribu tena. Wewe uliyekaa mbele unaona dirisha halifunguki, unasema mashine imekufa. Kumbe inasubiri kuambiwa jina lake. Mstari mmoja kwenye /etc/hosts ukaponya zote mbili.

NNE: ile michirizi. Kwa utaratibu wa zamani wa X, dirisha likifunikwa, ile sehemu iliyofunikwa kwa kawaida haihifadhiwi. Ikifunuliwa, X huiambia programu, "Jichore upya." Programu ikiwa imeelemewa haijibu, na alama za dirisha lililopita juu yake hubaki. Dawa yake ni komposita, inayochora kila dirisha pembeni kwanza kisha ikayaunganisha. Lakini dawa hiyo ina uzito kwa kadi ya picha ya zamani. Katika Xfce unaweza kuizima ndani ya mipangilio ya meneja wa madirisha. Sisi tuliizima kwenye zote. Michirizi hutokea mara mojamoja, lakini menyu zinafunguka. Ukikosa vyote viwili, chagua kile ambacho mwanafunzi anakihitaji zaidi.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo wengine huteleza. Dhana njema haina maana ya kufumba macho. Kompyuta ya 5 ilikuwa ikikawia kila mara, diski yake inagonga, na kumbukumbu za mfumo zimejaa makosa ya kusoma. Hiyo kweli ilikuwa inakufa. Hatukuipigia domo; tulinakili mafaili ya wanafunzi siku ileile, ndipo tukanunua diski nyingine. Kwa hiyo fundi alisema kweli juu ya moja, akazibebesha nne zisizokuwa na kosa.

Fedha iliyotoka ni ya diski moja. Iliyobaki imo kwenye hesabu za madrasa, na kamati iliwasomea wachangiaji mbele ya watu.

Ndugu yangu, ukiwa umekabidhiwa mali ya watu, iwe msikitini, shuleni au kwenye kikundi chenu cha mtaani, usikubali neno "zimekufa" bila kuuliza maswali matatu: Inachelewa kila mara, au mara ya kwanza tu? Inachelewa mtandao ukiwepo, au usipokuwepo? Kuna ushahidi gani ulioandikwa kwenye mfumo? Maswali hayo hayagharimu hata shilingi. Na dada yangu, kaka yangu, ukiona mtu naye anakawia kukujibu, mfanyie japo ile hisani uliyoifanyia menyu: jaribu mara ya pili.

Msambazie mwenzako anayesimamia kompyuta za watoto wetu, huenda ikamfaa.

Wabillahi tawfiq.