Waambie Wazee Nitaondoka Jumatano

Mama mpendwa,

  Ujumbe wa Baba Mdogo ulinifikia huku Jersey City: wakwe watakuja Jumamosi kuzungumzia mahari ya dada, na wazee wanashangaa kwa nini nisiondoke huku Ijumaa, ikiwa ndege ni ya saa 14 tu.

Swali lao ni la haki, kwa hiyo nalijibu vizuri. Saa hizo 14 ni za angani peke yake, kutoka uwanja wa John F. Kennedy hadi Nairobi, kilomita kama 11,800 bila kutua popote. Kenya Airways ilianzisha safari hiyo Oktoba 2018, na mimi naishukuru kwa moyo wote. Kabla ya hapo tulipitia London, Amsterdam au Dubai, tukilala kwenye viti vya kungojea ndege nyingine huku mnatupigia simu mkidhani tumepotea.

Uliwahi kuniuliza kwa nini kurudi Marekani huchukua saa moja zaidi. Ni upepo, Mama. Huko juu unavuma kwa nguvu kutoka magharibi kwenda mashariki, kwa hiyo ndege inayokuja kwetu inasukumwa mgongoni, na inayorudi inapambana nao. Na safari ya kurudi ina taabu nyingine: Nairobi iko juu, mita 1,600 hivi kutoka usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na jua likiipasha joto inazidi kuwa nyepesi, ndege iliyojaa mafuta ya safari ndefu ikapata taabu kupaa. Usiku wenye baridi huisaidia.

Sasa tuhesabu. Nikiondoka Ijumaa mchana, nitatua Jumamosi kwenye saa 4 asubuhi. Pasipoti, mizigo, forodha: saa 6 hiyo. Kisha gari: Nakuru, Timboroa, Kapsabet, Chavakali. Kilomita zisizofika 400, lakini ukikwama nyuma ya malori ya Uganda zinakula saa 8. Wakwe watakuwa wamekula, wameaga, wamekwenda. Mtu anavuka Atlantiki na Sahara, halafu anashindwa na mteremko wa Naivasha! Hili linaniuma kweli. Upanuzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit naungojea kuliko ndege yoyote mpya.

Najua utasema nipitie Kisumu. Ni kweli, ndege ya kutoka Nairobi haimalizi saa moja, na kutoka Kisumu ni kilomita 50 tu, Kiboswa, Mbale, hadi lile jiwe la Ilesi linalolia, nami niko nyumbani. Lakini tiketi ni nyingine, na uzito wa mizigo inaoruhusu ni mdogo kuliko wa ndege kubwa. Masanduku haya mawili yamejaa vitu vyenu, siwezi kuyaacha Nairobi.

Tena kuna mwili. Agosti, kwenu ikiwa saa 6 mchana, huku ni saa 11 alfajiri. Siku ya kwanza nikifika, kichwa bado kiko Jersey City, na mambo ya mahari yanataka mtu aliye macho.

Basi waambie wazee nitaondoka Jumatano. Alhamisi nitakuwa njiani kuja, Ijumaa nipumzike na kusikia kutoka kwako yale ambayo hayasemwi kwenye simu. Na dada mwambie asihofu: wakwe wakiingia langoni, watanikuta nimeketi na baba wadogo.

Mwanao