Mafigo Hayapigi Kelele

Ndugu msomaji, usinicheke nikikuletea habari ya mkojo. Kuona haya ndiko kulikoniponza mimi.

Kwa miaka miwili mgongo uliniuma karibu kila siku. Sikwenda hospitali. Nilinunua dukani vidonge vya kutuliza maumivu, nikavimeza asubuhi na jioni, nikaendelea kulima. Mama watoto aliponiuliza, nilimjibu, "Ni uchovu tu." Vidonge nilivificha katika mfuko wa koti.

Mwaka jana nikaanza kuamka mara nne usiku kwenda haja ndogo. Nilidhani ni ugonjwa wa sukari. Kule zahanati mganga alichovya kijikaratasi katika mkojo wangu: sukari hapana, protini kidogo tu. Nikafurahi, nikainuka niende zangu. Lakini yeye akaniuliza, "Mzee, unatumia dawa gani?" Nikatoa vidonge mfukoni. Papo hapo akaniandikia barua ya kwenda hospitali ya wilaya. Huko damu ilipimwa, na mkojo ukapimwa upya kwa mashine. Protini ikaonekana nyingi kuliko kijikaratasi kilivyosema.

Sikiliza sasa nilivyoelezwa. Ndani ya figo mna vichujio na mirija midogo sana. Kila siku vichujio huchuja maji ya damu kama lita 180. Mirija huyarudisha mwilini karibu yote, nasi tunakojoa lita moja au mbili tu. Ni kama mama anayechekecha unga, na watoto wameketi chini wakiokota vitu vizuri vilivyoponyoka. Protini kubwa, iitwayo albumini, huzuiwa na kichujio. Zilizo ndogo hupita, nayo mirija huziokota. Mirija ikiugua, zile ndogo hutoka na mkojo. Tena kijikaratasi huona hasa albumini. Kwa hiyo ubovu wa mirija huweza kukipita bila kuonekana.

Wakulima wenzetu wa Bulgaria, Serbia na nchi jirani, katika vijiji vya bonde la mto Danube, waliugua hivyo. Ugonjwa wao uliandikwa na waganga katika miaka ya 1950, na wengi walikufa. Baadaye ilionekana kwamba mbegu za gugu lenye sumu zilivunwa pamoja na ngano, zikasagwa, zikaliwa katika mkate. Zile protini ndogo katika mkojo zilikuwa dalili ya mapema, mtu akiwa bado anajiona mzima.

Mimi vidonge nimeviacha. Sehemu ya figo imepata nafuu. Sehemu nyingine ni kovu, haitarudi. Nahudhuria hospitali nipimwe kila nilipoagizwa.

Basi, msomaji, usimeze vidonge vya maumivu siku nenda siku rudi bila kuuliza mganga, wala usinywe mizizi usiyoijua. Ukipimwa mkojo, taja kila dawa unayotumia, hata ile ya kuficha. Lakini mwenye dawa alizoandikiwa na daktari, kama za UKIMWI au kifua kikuu, asiziache kwa woga wa maneno haya. Aulize tu kama mafigo yake yamepimwa.

Jioni niliporudi kutoka hospitali nilimweleza mama watoto yote. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Mgongo ukuume miaka miwili, mimi nisijue?" Sikuwa na la kujibu. Wewe usingoje kuulizwa.