Nani Amchinje Bata Mzinga wa Krismasi?

Hakuna jimbo la Marekani linalofuga bata mzinga wengi kuliko Minnesota, ninakoishi. Ukitoka Minneapolis kuelekea magharibi kwa gari, karibu saa mbili, unafika Willmar, mji ambao uchumi wake umeshikamana na viwanda vya ndege huyu. Wasomali wengi wamepata riziki yao ya ughaibuni humo, wakisimama zamu nzima kwenye baridi ya chumba cha kukatia nyama, visu mkononi. Ikikaribia Alhamisi ya nne ya Novemba, siku ya Shukrani, maduka hushusha mno bei ya bata mzinga ili mteja akiingia anunue na mengineyo. Kwa hiyo hata familia ya mshahara mdogo inaweka ndege mzima mezani.

Watoto wangu wamezaliwa huko, na sikukuu isiyo na bata mzinga hawaielewi. Tulipopanga kula Krismasi kwa bibi yao Chang'ombe, hii ya Dodoma, si ile ya Temeke, waliulizia ndege kabla ya kuulizia kitu kingine chochote. Mmoja alipendekeza tumbebe kwenye sanduku la barafu. Nikamweleza kwamba nyama ya ndege haiingizwi nchini kienyeji. Tanzania ilizuia kuku kutoka nje mwaka 2006 kwa hofu ya mafua ya ndege, na Oktoba 2017 vifaranga 6,400 waliovushwa kutoka Kenya walichomwa moto pale Namanga. Isitoshe, bata mzinga wapo Dodoma. Mdogo wangu alituwekea oda mapema kwa mfugaji wa upande wa Nala.

Bei yake iliniuma, mpaka nilipomsikiliza mfugaji. Yai la bata mzinga huatamiwa siku 28, wiki nzima zaidi ya yai la kuku. Kifaranga wake ni dhaifu, anataka joto na chakula chenye protini nyingi. Akichanganywa na kuku huambukizwa ugonjwa ambao kuku anaubeba bila kudhurika, lakini bata mzinga humharibu ini akafa. Kwa hiyo bata mzinga hujengewa banda lao, mbali na kuku wa nyumbani. Wale weupe wa Minnesota wamechaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa ajili ya kifua kinene, hata hawawezi tena kupandana wenyewe. Binadamu ndiye anayewapandisha kwa uhimilishaji. Dume wetu wa Nala alikuwa mweusi, mwembamba wa kifua, mrefu wa miguu, amekula panzi na majani maisha yake yote. Nyama yake ngumu, na nasema bila kusita kwamba ni tamu zaidi.

Sasa tuje kwenye kuchinja, maana hapo ndipo nyumba zangu mbili zinapoachana.

Chang'ombe nyumba zimebanana. Ua wa mama yangu una wapangaji, na wapangaji hao na majirani ni Wakristo na Waislamu mchanganyiko. Asubuhi ya tarehe 24 mama hakuulizia oveni wala viungo. Alimtuma mjukuu kwa jirani, mzee ambaye watoto wote wa mtaa wanamwita Babu.

"Shikamoo Babu. Bibi anasema bata yuko tayari."

"Marahaba mjukuu wangu. Mwambie nakuja, nichukue kisu."

Babu alikuja na kisu chake mwenyewe, kimenolewa mpaka kimepungua upana. Shemeji alimlaza ndege kwa ubavu, mguu wake ukiwa juu ya mabawa, maana dume la bata mzinga likipiga bawa linaweza kumwangusha mtoto. Babu akamgeuza kuelekea Kibla, akavuta shingo, akasema Bismillahi Allahu Akbar, na kazi ikaisha mara moja. Binti yangu alikuwa amejificha nyuma ya mlango, akatoka kuuliza kwa nini bibi, mzee wa kanisa la Anglikana, anamwita Mwislamu amchinjie ndege wa Krismasi. Mama alimjibu akiwa anamwaga maji ya moto kwenye beseni la kunyonyolea: "Nikichinja mimi, nitakula na nani?"

Jambo hili si dogo, na lisichukuliwe kama mazoea tu. Mapema mwaka 2013 mabishano ya nani achinje yaligeuka vurugu mkoani Geita, mtu akauawa. Uani kwetu makubaliano yamedumu kwa sababu kuna watu wanaoyatunza, akiwemo mama yangu, kila anapomtuma mtoto kwa Babu. Minnesota sijawahi kuulizwa ndege wangu amechinjwa na nani, ila na rafiki zangu Waislamu, na hao huuliza kwa upole ili wajue kama watakula mboga tu. Naona aibu kwamba kwa muda mrefu niliwaachia wao kazi ya kuuliza.

Watoto walitaka ndege mzima, mwekundu, akatwe mezani mbele ya watu. Mama akasema huyu ni wa vipande. Alikuwa na sababu. Oveni hakuna, na Dodoma iko mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambapo maji huchemka kwenye nyuzi kama 96, kwa hiyo dume gumu linahitaji muda zaidi kwenye sufuria. Alipondaponda tangawizi na vitunguu saumu, akakamua limao, akaacha nyama inywe viungo, kisha akaichemsha kwenye mkaa mpaka mfupa ukaanza kuachia. Ndipo akaikaanga, na supu yake ikapikia pilau.

Halafu, siku yenyewe ya Krismasi, sahani zikaanza kutoka. Nilimwona mama akipanga kwa hesabu ya kichwani: paja hili kwa Babu, kwa kuwa ndiye aliyechinja, hii kwa mpangaji mwenye mtoto mchanga, hii kwa mwalimu wa chumba cha mwisho ambaye hakupata nauli ya kwenda kwao Kondoa. Wanangu ndio walikuwa wapelekaji, wakifunika sahani kwa kitambaa na kubisha hodi kwa Kiswahili chao cha kuvunjika. Kufikia saa tisa alasiri hakikubaki kitu, na kwa joto lile ni salama hivyo. Kule Marekani wataalamu wanashauri nyama iliyopikwa isikae nje zaidi ya saa mbili, na joto likipita nyuzi 32 iwe saa moja. Sisi kule hujaza friji, tukala mabaki wiki nzima.

Nikumbushe pia kwamba Desemba kwa Mgogo wa Dodoma si msimu wa shibe. Mvua ndiyo kwanza zinaanza, watu wako shambani wanapanda uwele na mtama, na ghala linaelekea kuisha. Shukrani ya mavuno ya kweli Dodoma huja baada ya mavuno ya katikati ya mwaka, sikukuu ya mavuno kanisani, ambapo magunia na kuku hupigwa mnada mbele ya madhabahu. Kwa hiyo sahani ya tarehe 25 Desemba ina uzito ambao sahani ya Novemba ya Minnesota haina. Inamkuta mtu akiwa na upungufu.

Lakini kuna kitu cha kule ambacho nilikitamani uani kwa mama. Siku ya Shukrani aliyepika huketi. Baba ametoka zamu, simu zimewekwa kando, na kila mmoja husema anachoshukuru kabla ya kula. Chang'ombe mama alipika tangu alfajiri na akala wa mwisho, amesimama, sahani mkononi. Nilimvutia kiti. Akakaa, akasema anamshukuru Mungu kwa kutuona, kisha akainuka kwa sababu mtoto wa Babu alikuwa mlangoni na sahani yetu, imerudishwa na tende ndani. Hilo la wapishi wetu kula wamesimama si jema, na tunaoishi nje tukija likizo tuwe wa kwanza kushika mwiko ili wao wakae.

Wewe unayepanga kuja Desemba na watoto, mpigie mfugaji simu kuanzia Septemba, utume malipo ya awali, kwa sababu bata mzinga hakui kwa mwezi mmoja. Na kabla ya kuuliza habari ya oveni, muulize mama nani atachinja, kisha nunua sahani za kutosha nyumba za jirani.