Kigoda cha Milanzi
Kijana mmoja wa Milanzi alichora kwa kompyuta hadithi ya wanawake watatu waliokuja kutoka mbali, Ntatakwa akiwa mawindoni, wakakikalia kigoda chake cha enzi na kuitwaa Ufipa. Wageni aliwachora wakubwa, wenye mavazi mekundu. Babu yake akatazama, akauliza, "Mjukuu wangu, kigoda ki wapi?" Kilikuwamo, lakini kilimezwa na wekundu. Jicho hufuata ukubwa, mwangaza na nafasi tupu. Hapo lilifuata washindi tu. Kufuta katika kompyuta ni jambo jepesi, pengine jepesi mno. Akawapunguza wageni, akakiweka kigoda peke yake penye weupe, na nyuma yake Milanzi, ambayo Ntatakwa aliachiwa.